Kumara wa Nne

Siku ya kumi na tano ya Ngaire Pilbrow katika kijiji cha wastaafu cha Ribbonwood iliangukia Ijumaa, na bahasha ilikuwa tayari mkobani mwake tangu Jumanne. Ndani yake mlikuwa na mistari mitatu tu: kwamba yeye, mkazi wa nyumba namba kumi na tisa, anatumia haki yake ya kujitoa katika mkataba, na halazimiki kumweleza mtu sababu. Sheria ilimpa siku kumi na tano za kazi za kubadili mawazo. Ofisi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni. Ikishafungwa, nyumba yake ya mbao kule bondeni kando ya mto ingekwenda kwa mnunuzi aliyekuwa anasubiri, na yeye angekuwa wa Ribbonwood mpaka siku ya kutolewa amelala.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nyama cha Waikaro, upande wa chumba cha matumbo, ambako wanawake walisimama kwenye maji baridi wakiosha utumbo wa kondoo tangu alfajiri hadi vidole vinakufa ganzi. Shule aliiacha na miaka kumi na minne. Sheria za kazi alijifundisha mwenyewe, mezani jikoni, kamusi upande mmoja na sufuria ya viazi upande wa pili. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, na bado angeweza kukutajia nani alisema nini katika mkutano wa mwezi wa tatu mwaka sabini na nane, na alikuwa amevaa kofia gani.

Kwa hiyo hata Ribbonwood aliipima kwa daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika ubaya, wa kulia uzuri, na alijitahidi kutenda haki, ingawa mkono ulikuwa unapenda kushoto.

Kushoto: huruhusiwi kuanika nguo mahali zinapoonekana kutoka barabarani, kana kwamba mtu akishastaafu havai tena chupi. Huruhusiwi kupaka mlango wako rangi unayoitaka. Supu ya jikoni kubwa hufika mezani imeshakata tamaa. Meneja, binti wa miaka arobaini aitwaye Kirsten, humwita kila mtu "mpenzi" na kuinamisha kichwa akikusikiliza, kama anayemsemesha kasuku. Wenye kampuni wako mji wa Auckland, mwisho wa nchi, na ukifa wanakata pande nono la thamani ya nyumba yako kabla watoto hawajamaliza kulia. Halafu ile kanuni ya wanyama, aliyoipigia mstari mara mbili: unaruhusiwa kuingia na mnyama uliye naye, lakini akifa huruhusiwi kuleta mwingine. Pembeni alikuwa ameandika, "Aliyetunga hii anatusubiri tuishe kwa zamu, sisi na paka zetu."

Kulia palikuwa na mambo machache, lakini mazito. La kwanza lilikuwa joto. Maisha yake yote Ngaire alilala katika nyumba ambamo mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi, unaiona pumzi yako juu ya kitanda. Hapa aliamka usiku wa kwanza akadhani ana homa. La pili, fundi. Bomba likivuja asubuhi, mchana limeshazibwa, na fundi hakuambii ulilivunja mwenyewe. La tatu lilimtoa machozi, na machozi yake hayakuwa ya kutoka ovyo. Mzee wa namba sita alipofariki, wiki ya pili, hawakumtoa kwa nyuma kwenye mapipa ya taka kama wanavyofanya mahospitalini, watu wasione. Alitolewa mlango wa mbele, saa sita mchana, na kijiji kizima kilisimama kando ya njia kumsindikiza kwa macho, wengine wameshikilia fremu zao za kutembelea. Mpishi aliacha masufuria akasimama na aproni yake. Ngaire aliuliza nani aliupigania utaratibu ule. Akaambiwa zamani gari la maiti lilikuwa linapita geti la nyuma, mpaka siku moja wakazi wakaenda kuegesha vigari vyao vya umeme vya kutembelea pale getini, kumi na saba, wakazima, wakaanza kufuma sweta. Gari halikuwa na pa kupita ila mbele. Tangu siku hiyo ni mbele.

Hiyo aliiandika kwa herufi kubwa.

Sasa mtu aliyeona hayo bahasha ya nini? Sababu ilikuwa moja, na haikuwemo daftarini kwa kuwa ilimuuma mno. Katika mkutano wa wakazi, Jumatatu ya wiki ya pili, Ngaire alisimama akauliza habari ya kanuni ya kuanika nguo. Aliuliza vizuri, kwa hoja tatu. Kisha akageuka kutafuta mtu wa kumuunga mkono, kama alivyokuwa akigeuka kiwandani. Watu arobaini na wawili walikuwa wanatazama chai yao. Hakuna aliyekohoa. Hata Huria Tamahou, rafiki yake wa miaka hamsini, aliyemng'ang'ania aje kuishi hapa, alikuwa anakoroga kikombe ambacho Ngaire alijua hakina sukari.

Ukimya ule alikuwa anaufahamu. Mwaka tisini na moja, serikali ilipoleta mikataba ya mtu mmoja mmoja ili kuvunja vyama, wenye kiwanda waliwaita wafanyakazi ofisini, mmoja mmoja, kwa majina. Asubuhi walikuwa watu mia tatu wameapa hawatasaini. Jioni walibaki kumi na wanne. Huria alisaini. Alikuwa na watoto watano na mume mwenye mgongo ulioharibika, na Ngaire alijua, lakini hakumsemesha kwa miaka minne. Walipatana msibani, juu ya sahani ya skonzi, wala hawakuligusa tena jambo lile. Alilisamehe, ndiyo. Kulisahau hakuwahi kuahidi. Na kuzeeka katikati ya watu wanaotazama chai yao, hapana. Afadhali baridi ya bondeni.

*

Ijumaa ile saa tatu asubuhi alikwenda namba kumi na mbili kumwambia Huria mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajaisikia kwa wengine. Alikuta mlango uko wazi na kigari cha umeme cha mzee Athol Kincaid kimeegeshwa kwenye maua. Athol, miaka themanini na minne, alikuwa amekaa sebuleni kofia magotini. Huria alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amepakata taulo. Ndani ya taulo alikuwamo Kumara, paka wake wa rangi ya kiazi kitamu, ambacho kwao huitwa kumara, ndiyo maana akaitwa jina hilo. Miguu minne myeupe ilikuwa imenyooka.

"Pole, shoga," Ngaire alisema, akakaa. Habari za bahasha akaziweka kando. "Lini?"

"Kabla ya uji. Alikunywa maji, akanitazama kama ananidai, akalala." Huria alipitisha kidole kwenye sikio la paka. "Nilishamzoea sana huyu. Alikuwa mkorofi kuliko wote."

"Wote nani?"

Huria na Athol walitazamana.

"Usijifanye," Athol alisema. "Wiki ya kwanza tu ulimshika mkia ukaukagua. Nilikuona."

Ni kweli. Kumara ambaye Ngaire alimkumbuka, wa miaka ya nyuma sana, alikuwa amebanwa na geti la nyumba ya Ngaire mwenyewe kule bondeni, akapoteza ncha ya mkia. Huyu mkia ulikuwa kamili. Ngaire alipouliza, Huria alijibu kwamba ulikuwa umeota tena, na yeye akaliacha, akidhani mwenzake anaanza kuchanganyikiwa, asitake kumwaibisha.

"Huyu ni wa tatu," Huria alisema. "Yule wako wa geti alikufa mwaka wangu wa kwanza hapa. Kitabu cha Kirsten kinasema Kumara ana miaka ishirini na mbili."

"Na kanuni?"

"Kanuni inasema akifa usilete mwingine," alisema Athol. "Kwetu hafi mnyama."

Ngaire alimtazama Athol, akarudi kwa Huria, kisha akatazama lile taulo.

"Sasa sikiliza," Athol aliendelea, "kwa sababu muda hatuna. Leo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Saa kumi Kirsten anapita nyumba kwa nyumba na kitabu cha wanyama, anamwona kila mnyama kwa macho. Kule milimani kwa mama Dreaver kuna paka dume, rangi hii hii, soksi nyeupe. Nilishamweka akiba tangu huyu alipoanza kukohoa. Anayetuendeshaga ni Noeline, na Noeline juzi ametolewa mtoto wa jicho, amefungwa kitambaa kama haramia. Wewe una gari, una leseni, na una macho."

"Mimi nina shughuli saa kumi na moja," Ngaire alisema.

"Saa tisa utakuwa umerudi."

Huria hakuomba. Alikuwa anamfunika paka masikio kwa ncha ya taulo, taratibu, kama mtu anayekinga upepo. Hicho ndicho kilichomnyanyua Ngaire.

*

Barabara ya milimani ilikuwa na kona nyingi, na Athol alikuwa abiria mbaya. Kila kona alikanyaga breki isiyokuwapo. Magotini kwake kulikuwa na gunia na kopo la dagaa wa mafuta.

"Nilidhani huyu mjumbe mkali ataendesha kwa kasi," alisema.

"Ukitaka kasi, teremka usukume."

Zamani Athol alikuwa mnunuzi wa mifugo wa kiwanda, mtu wa suti ya sufu na gari la kampuni, aliyekaa upande ule mwingine wa meza. Ngaire hakusahau hata hilo.

"Mwaka themanini na tatu uliniita kupe, mbele ya geti, watu wote wanasikia," Athol alisema, kama aliyesoma mawazo yake.

"Kupe ilikuwa Jumatatu. Jumatano nilikuita kingine."

"Mke wangu alikicheka wiki nzima, hicho cha Jumatano." Alirekebisha gunia magotini. "Kilikuwa na ukweli wake."

Walipita daraja la mto. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai.

"Niambie jambo moja," Ngaire alisema. "Watu wanaoweza kuficha paka aliyekufa mara tatu, mkutanoni mbona mlikaa kama miti? Niliuliza habari ya kamba ya nguo tu. Kamba, Athol. Hata wewe uliinama."

"Wanyama wako kumi na mmoja."

"Nimekuuliza kamba, unanijibu wanyama."

"Pale kijijini wako kumi na mmoja ambao kwa haki ya Mungu walishakufa. Paka saba, mbwa watatu, na kasuku wa Bwana Lusty ambaye alikuwa anaimba na sasa anatukana. Mbwa wa Gilchrist alikuwa dume mpaka mwaka juzi. Kirsten si mtu wa kusoma kanuni. Kitabu cha kanuni kiko kabatini, hajakifungua miaka. Wewe ukisimama ukamwambia habari ya kamba, kwa hoja zako tatu, atakwenda kukifungua akutafutie jibu. Akifika ukurasa wa nguo, ukurasa unaofuata ni wa wanyama, na hapo ataanza kupiga hesabu ya miaka yao." Athol alikanyaga breki yake ya hewani. "Ndiyo maana watu walitazama chai. Ulidhani tumeogopa?"

Ngaire alibadili gia, akapanda kona mbili.

Watu arobaini na wawili. Alikuwa anawahesabu kichwani, sura kwa sura: yule wa fremu ya kijani, wale mapacha wa namba ishirini, mzee aliyekuwa mwalimu asiyejua kunyamaza. Wote walikuwa wanajua. Miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyeropoka kwa mtoto wake, kwa daktari, kwa mpishi. Kiwandani kiapo cha watu mia tatu hakikumaliza hata siku moja. Na yeye siku ile alikuwa amesimama mbele yao akiwadharau moyoni, wakati wao walikuwa wamefunga midomo kwa pamoja, kwa ajili ya kasuku wa mtu.

"Mngeniambia," alisema hatimaye.

"Mtu hajamaliza siku kumi na tano, tumwambie? Hapana, bibi. Wengine wanaondoka na wanaondoka na mdomo."

"Leo umeniambia."

"Leo Noeline ana kitambaa jichoni."

Ngaire alicheka, hakutaka lakini alicheka. Kisha akakunja uso tena, maana hakuwa mtu wa kusifu kitu kwa nusu ya akili. "Lakini kanuni bado ipo. Mnaizunguka, hamjaing'oa. Nyie mkishaondoka, atakuja mtu mpya asiyewajua, paka wake afe, na atabaki peke yake na bakuli tupu. Siri yenu haitamfaa kitu."

"Kweli," Athol alisema. Alikuwa anatazama nje. "Kweli kabisa. Tuliandika barua, unajua. Saini thelathini na nane. Auckland wakajibu ukurasa mmoja, wanatushukuru kwa maoni yetu. Baada ya hapo tukaanza na paka."

"Barua tu? Mliosimamisha gari la maiti?"

"Wale walioegesha getini, waliobaki ni wanne. Mimi ni mmoja. Huria ni mwingine."

"Huria?"

"Ndiye aliyetangulia kuzima."

*

Mama Dreaver alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, gambuti hadi magotini. Aliwapokea kwa mikate ya kukunja yenye jibini, ikitoka moshi, na kuwaambia kwamba paka yuko chini ya banda la kukatia sufu na hana mpango wa kutoka.

"Ana miaka kumi na mitatu," alisema. "Upande mmoja hana meno. Hampendi mtu yeyote. Mwenyewe aliyekuwa naye alihamia mjini kwa binti yake, wakasema wana makochi mapya. Mnanichukulia wazee tu nyie, kila mara. Mbona hamtaki kitoto?"

"Kitoto nani atakizika, sisi tukiwa tumeshazikwa?" Athol alijibu.

Ngaire alielewa wakati ule jambo ambalo hawakumweleza. Paka wote wale na mbwa wote wale walioingizwa kijijini kwa gunia walikuwa wazee, wale ambao hakuna nyumba nyingine ingewataka. Lazima wafanane na umri ulioandikwa kitabuni, hiyo ni hesabu ya kawaida. Lakini haikuwa hiyo tu.

Kumara wa nne aliwachukua saa mbili na nusu. Athol alilala kifudifudi kwenye nyasi na kumsemesha kwa sauti ambayo bila shaka alikuwa anawasemeshea mbwa wa kuchunga. Ngaire aliwekwa upande wa pili na kopo la dagaa. Paka alikula dagaa wote bila kutoka nje, akanyoosha kucha moja tu. Mwisho mama Dreaver aliingia chini mwenyewe, akatoka na damu mkononi na gunia linalonguruma.

Kurudi walikutana na kondoo. Kundi zima, barabara nzima, mchungaji mmoja kwenye pikipiki yake akawapungia mkono kwa upole, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na saa. Ngaire alizima gari. Saa tisa na robo. Alifungua mkoba kutafuta kitambaa cha kufutia kioo, vidole vyake vikagusa bahasha, akaufunga mkoba. Athol aliona. Alikuwa mnunuzi wa mifugo miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa kuona kitu ambacho mwenye mali hasemi. Akageuza uso, akawa anahesabu kondoo.

*

Waliingia Ribbonwood kwa nyuma saa kumi na dakika ishirini. Kirsten alitakiwa awe ameshafika namba kumi na mbili. Ngaire alibeba gunia chini ya koti, akapita kwenye uchochoro kati ya nyumba, na pale kwenye kona ya namba nne akasimama kuchungulia.

Kirsten alikuwa bado yuko namba nne. Alikuwa amezungukwa. Noeline, kitambaa jichoni, alikuwa anamwomba amsomee barua kutoka hospitali, yote, na arudie sehemu ya matone. Mmoja wa mapacha alikuwa ameshika sampuli ya supu katika kikombe na anataka ionjwe. Bwana Lusty alitaka aelezwe, kwa kirefu, utaratibu wa kutoka nje moto ukiwaka, na alikuwa anauliza maswali mazuri. Mwalimu mstaafu alikuwa nyuma ya foleni na karatasi kurasa sita. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekosa adabu. Kila mtu alifuata kanuni, neno kwa neno, pole pole, huku akishukuru.

Ngaire aliegemea ukuta. Mgomo baridi. Mwaka sabini na sita yeye mwenyewe alijaribu kuupanga kiwandani, kwa vikao vitano na karatasi zilizochapwa, na ulivunjika siku ya pili kwa sababu vijana wa chumba cha ngozi walishindwa kujizuia kucheka. Hapa hakuna aliyekuwa ameitisha kikao. Athol hakupiga hata simu. Waliona gari halijarudi, basi.

Alitamani kuingia katikati yao na kuwashika mikono mmoja mmoja. Badala yake alipita na gunia lake, maana ndiyo ilikuwa zamu yake.

Huria alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa ameshamzika wa tatu bustanini, chini ya mti wa kowhai, na udongo ulikuwa bado kwenye kucha zake. Walifungua gunia. Kumara wa nne alitoka kama risasi, akazunguka chumba mara mbili, akapanda pazia, akashuka, na Kirsten alipobisha hodi alikuwa amekaa juu ya kabati la vyombo, amefura, anawatazama watu wote kama wadeni.

"Haya, mpenzi, na huyu bwana mkubwa hajambo?" Kirsten alisema. Nywele zake zilikuwa zimechoka. Alifungua kitabu. "Kumara. Dume. Miaka ishirini na... mbili. Jamani."

"Ni hewa ya hapa," alisema Huria.

"Mwezi uliopita alikuwa mnene."

"Nimempunguzia. Daktari alisema."

Kirsten alimtazama paka. Paka alimtazama Kirsten, akafungua mdomo na kuonyesha upande usio na meno. Kisha binti yule akaandika kitu, akafunga kitabu. "Mnawatunza vizuri sana wanyama wenu," alisema. "Sijui mnafanyaje." Ngaire alimkodolea macho usoni, asijue kama ni mjinga au ni mjanja kuliko wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona haja ya kujua bosi yuko upande gani kabla hajatoka mlangoni.

Akiwa ameshika kitasa Kirsten aligeuka. "Bi Pilbrow, leo ndiyo siku yako ya mwisho ya kufikiri. Kama kuna chochote, niko ofisini mpaka saa kumi na moja."

"Najua," Ngaire alisema.

Mlango ulipofungwa, Kumara aliruka kutoka kabatini na kukimbilia chumbani, chini ya kitanda. Walimsikia anakwaruza ukuta. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na nane.

Huria aliingia chumbani, akashika nguzo ya kitanda, akaanza kushuka chini: goti moja, kisha la pili, kisha mkono, kama mtu anayeteremka kisimani. Alipofika sakafuni alilala ubavu na kuchungulia. "Anatetemeka," alisema. "Masikini, anajifanya simba." Kisha, bila kugeuka: "Nenda ukapeleke bahasha yako. Ofisi itafungwa."

"Bahasha gani?"

"Ngaire. Nimekujua miaka hamsini. Tangu Jumanne unaubeba huo mkoba kama una yai ndani." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Sikulaumu. Mkutanoni nilikuona uso. Ni uso ule ule wa tisini na moja."

Hapo palikuwa pamefika. Miaka yote ile, na jambo lenyewe limetamkwa na mtu aliyelala sakafuni, uso chini ya kitanda.

"Mbona hukuniambia ni wewe uliyezima kigari wa kwanza pale getini?" Ngaire aliuliza.

"Ningekuambiaje? Kwamba sasa nimekuwa mtu wa kusimama?" Huria alinyoosha mkono taratibu kuelekea gizani. "Nilikuwa nimekaa, isitoshe."

Kutoka namba kumi na mbili hadi ofisini ni dakika nne kwa miguu ya Ngaire. Muda ulikuwepo. Aliutazama mlango. Ukurasa wa kushoto wa daftari ulikuwa vile vile: nguo, supu, lile pande nono la Auckland, na kanuni ya wanyama, ambayo haikuwa imeng'oka hata unywele. Mambo yale yalikuwa mabaya jana na yatakuwa mabaya kesho, na mtu akimwambia ameyazoea atamrudi. Lakini ubaya huo ungekuwa na watu wa kupambana nao, na watu hao alikuwa anawajua sasa.

Alijua pia magoti yake. Yakishashuka hayapandi bila msaada, na si kwa haraka. Alivua koti akalitundika kitasani, akaweka mkoba juu ya koti. Akashika nguzo ya kitanda. Goti moja. La pili lililia kama mlango mbovu. Akafika sakafuni, upande wa pili, na chini ya kitanda akaona vitu viwili: uso wa rafiki yake ng'ambo, na katikati macho mawili ya manjano yenye chuki kamili.

"Mzuri," alisema.

"Eti eh?"

"Mbaya sana. Lakini soksi ziko sawa." Alitulia, akisikilizia mgongo wake. "Mwezi ujao nitauliza ile kanuni mkutanoni. Ya wanyama yenyewe, si ya kamba. Nitauliza wazi."

"Athol atazimia."

"Athol ataandaa watu wa kwanza kusimama. Nimeshaona anavyopanga. Kabla hatujasema neno, wanyama wote kumi na mmoja wawe wamesajiliwa kwa majina yao ya kweli kwa wakili, na watu arobaini na wawili waseme siku moja, kwa wakati mmoja: wale walikufa, hawa ni wengine, fanya utakalo. Hawawezi kufukuza watu arobaini na wawili."

Huria alifikiri. "Kasuku tusimlete. Anatukana."

"Kasuku ndiye atakayefungua kikao."

Walicheka, wamelala hivyo, na paka akarudi nyuma zaidi. Saa ya ukutani sebuleni ilikuwa ya kugonga. Iligonga mara tano, ndiyo saa kumi na moja kwa mtindo wa saa zao, na wote wawili waliihesabu mpaka mwisho.

"Imepita," Huria alisema.

"Nimesikia."

"Sasa tunanyanyukaje?"

Ngaire alijaribu. Mkono wa kushoto ulikataa, wa kulia ukafuata. "Wewe si una kile kidude cha kuitia msaada shingoni? Kibonyeze."

"Nikibonyeza atakuja Kirsten, aulize tunamtafuta nini paka wa miaka ishirini na mbili asiyejua njia ya kutoka chini ya kitanda chake mwenyewe."

"Basi Athol atapita."

"Athol anapita saa kumi na mbili, baada ya habari."

"Basi tukae," Ngaire alisema, akavuta mto mmoja kutoka kitandani na kuusukuma chini kwa mwenzake.